Jina la Mason: lilivyotoka kwenye mawe likafika kwenye cheti cha kuzaliwa

#1 Shajara (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye nyuzi za majina ya watoto jina la Mason halikosekani. Wazazi vijana wanalipenda, na wazee wanalikataa wakisema ni la Freemason, kile chama cha siri. Naomba tulimalize hapa kwa ushahidi. Naanza na chimbuko. Wenye takwimu na wenye fani ya mawe nawaomba waje.

Mason ni mwashi, fundi wa kujenga kwa mawe. Neno lilifika Uingereza na Wanormani, watu wa Normandy ya Ufaransa walioiteka nchi hiyo mwaka 1066. Wao walisema *machun*, na huko Paris walisema *maçon*, ambalo Wafaransa wanalitumia hadi leo kwa fundi huyohuyo. Nyuma zaidi kuna neno la Kilatini cha baadaye, *machio*. Isidore wa Seville, askofu msomi wa Hispania, alilitaja karne ya 7, akadhani limetokana na *machina*, jukwaa wanalosimamia mafundi ukuta unapopanda. Wanaisimu wengi wa leo wanalirudisha kwenye lugha za kale za Kijerumani, ukoo mmoja na *machen* la Kijerumani na *make* la Kiingereza, yaani kutengeneza.

Sasa kazi ilikuwaje jina? Baada ya Wanormani, majina ya ubatizo Uingereza yalipungua sana. Kijiji kimoja kilijaa akina John, William, Robert na Thomas. Karani wa kodi au wa mahakama hakuweza kuandika "John" peke yake. Aliongeza mahali anapotoka, jina la baba, umbo au kazi. Fundi wa mawe akiandikwa kwa Kilatini alikuwa *cementarius*, na kwa Kifaransa cha makarani alikuwa *le Masoun*. Hilo lilikuwa bado ni sifa ya mtu, likifa naye. Mwanawe akiwa mwokaji mikate, aliandikwa mwokaji mikate.

Kati ya 1250 na 1400 hivi sifa hizo zikaanza kurithiwa, kusini na kwa wenye ardhi kwanza, kaskazini na kwa maskini baadaye. Ukitaka kuona mabadiliko hayo yakitokea, tazama orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381. Zile za Yorkshire za 1379 zinafaa zaidi kwa sababu mara nyingi zinaandika jina na kazi pamoja. Mtu akiandikwa Mason na kazi yake ni mwashi, huwezi kujua kama ni ukoo au ni sifa. Akiandikwa Mason na kazi ni mshonaji, basi jina limeshaachana na nyundo. Hilo neno *le* katikati nalo linapungua karne hiyohiyo ya 14. Kuanzia 1538, makanisa yalipoagizwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, jina la ukoo likakaa lilipo.

Hatua ya tatu, kutoka ukoo kuwa jina la kwanza, nitaiandika chini. Ndiyo inayowachanganya wengi.

#2 Kitukuu

Asante mkuu. Swali la haraka: mwisho wa Mason si ni *son*, kama Jackson na Wilson? Maana yake si mtoto wa mtu fulani?

#3 Shajara

Hapana, ndugu Kitukuu. Jackson ni mwana wa Jack, Wilson ni mwana wa Will, lakini hapakuwa na mtu aitwaye Ma. Ile *-son* ya Mason ni mkia wa neno la Kifaransa tu. Ndugu zake halisi ni Masson wa Ufaransa, na kwa maana bila sauti kuna Maurer wa Kijerumani na Muratori wa Kiitalia, wote waashi. Linganisha pia na Carter wa mkokoteni, Cooper wa mapipa, Tyler wa vigae vya paa na Fletcher wa mishale. Hilo ndilo kundi lake.

Naendelea. Tangu katikati ya karne ya 16 familia za Kiingereza zenye ardhi zilianza kuwabatiza wavulana kwa majina ya koo: jina la ukoo wa mama kabla ya kuolewa, au la baba wa ubatizo mwenye mali. Sababu ilikuwa wazi. Ukoo wa mama ukikosa mrithi wa kiume, jina lisipotee; na mwenye mali akisikia jina lake linaitwa, amkumbuke mtoto kwenye wasia. Mwanahistoria Mwingereza William Camden aliandika mwaka 1605 kwamba desturi hii imeingia Uingereza miaka ya karibuni na haipo kwingine kokote katika nchi za Kikristo.

Wahamiaji wakaibeba hadi Marekani, na majimbo ya kusini yakaishika kuliko kwingine. Mfano mmoja mzuri ni Mason Locke Weems, aliyezaliwa Maryland mwaka 1759. Ndiye kasisi aliyeeneza kile kisa cha George Washington na mti wa mcheri. Alikuwa Mason kwa jina la kwanza karne ya 18, wakati watu wanadhani jina hili ni la jana. Baadaye likapata nguvu nyingine, heshima ya George Mason wa Virginia, aliyeandika rasimu ya Tamko la Haki la Virginia mwaka 1776.

#4 Baba Mtarajiwa

Shukrani kwa darasa. Lakini nyumbani hoja ni ile moja: Freemason. Naomba jibu la kumpa mzee akalala usingizi.

#5 Tindo na Timazi

Hapo naomba niingie kwa upande wa kazi, kwa sababu jibu limo ndani ya jiwe.

Waashi wa zama hizo hawakuwa daraja moja. Sheria ya vibarua ya Uingereza ya 1351, iliyotungwa baada ya tauni kuua watu na mishahara kupanda, ilipanga ujira wa siku: fundi mkuu wa *freestone* peni 4, mwashi mwingine peni 3, msaidizi wake peni moja na nusu. *Freestone* ni jiwe lenye chembe ndogo zilizoshikana sawasawa, kama la Portland au lile la Caen lililosafirishwa kutoka Normandy. Linachongeka upande wowote bila kufuata mpasuko wake. Fundi wa jiwe hilo ndiye aliyechonga nguzo, madirisha ya kanisa na sanamu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba *freemason* ni kifupi cha fundi wa *freestone*. Neno lenyewe linaonekana kwenye kumbukumbu za London mwaka 1376, na hapo linamtaja fundi, si mwanachama wa kitu.

Chama cha Freemason mnachokisema kiliunda baraza lake kuu London tarehe 24 Juni 1717. Kufikia hapo jina la ukoo la Mason lilikuwa na karne kadhaa. Chama ndicho kilichoazima jina na vifaa vya waashi: bikari, mraba, timazi. Mwambie mzee hivyo: chama kilichukua kwa fundi, fundi hakuchukua kwa chama.

Kwa nini basi jina lilienea mikoa yote wakati mawe hayapo kila mahali? Kwa sababu mwashi alihamahama. Mhunzi alikaa kijijini maana kila jembe lilimhitaji. Mwashi alifuata ngome na makanisa, na mfalme alikuwa na mamlaka ya kuwakusanya kwa lazima kutoka mikoa mbalimbali. Barua ya Februari 1296 kutoka ngome ya Beaumaris, Wales, inahesabu waashi 400, vibarua 2,000, wachimba mawe 200, mikokoteni 100, magari makubwa ya kukokotwa 60 na mashua 30, mradi mmoja tu. Kazi ikiisha watu hao walitawanyika. Anayebaki ugenini ndiye hasa anayeitwa kwa kazi yake, kwa sababu wenyeji hawamjui baba yake.

#6 Kitukuu

Mkuu Tindo, "kuchonga jiwe" kwa mkono kulikuwaje hasa? Wengi tunajua tofali tu.

#7 Tindo na Timazi

Kipimo cha fundi kilikuwa kupata uso mmoja bapa kutoka jiwe la kuchimbwa. Ukiupata huo, pande nyingine zote zinapimwa kwa mraba kutoka kwake.

Kwanza unatafuta matabaka, namna jiwe lilivyolala ardhini, hata kwa *freestone*. Kwenye ukuta litalazwa vilevile. Ukilisimamisha, maji na chumvi vinaingia kati ya matabaka na uso unabanduka ganda kwa ganda. Kisha unachonga njia nyembamba kwenye ukingo mmoja, upana wa tindo, kama sentimita 2 na nusu, na unaikagua kwa rula ya mti iliyonyooka. Unachonga ya pili kwenye ukingo wa pili unaoelekeana nayo. Hapa ndipo wanafunzi wanapoharibu: njia mbili zinaweza kunyooka kila moja peke yake na bado jiwe likawa limepinda. Dawa yake ni kuweka rula mbili zenye kimo sawa, moja juu ya kila njia, ukachungulia kutoka upande mmoja. Rula ya nyuma ikijitokeza pembe moja zaidi ya nyingine, ukingo ule bado uko juu. Zikifunikana sawia, unaunganisha njia mbili za pembeni, unapata fremu ya pande nne, kisha unatoa nyama ya katikati kwa tindo ya ncha na kumalizia kwa tindo pana.

Daima piga kutoka ukingoni kuelekea ndani. Ukipiga kuelekea nje, kona inaruka, na kona ikiruka hakuna gundi. Unapunguza jiwe zima au unalitupa. Kwa ukuta wa mawe ya mraba, nafasi ya udongo wa chokaa kati ya jiwe na jiwe ni milimita 3 hadi 5, kwa hiyo kosa la unene wa ukucha linaonekana barabarani.

Waashi wetu wa Kilwa, Lamu na Unguja walifanya kazi ya aina nyingine. Jiwe la matumbawe la nchi kavu ni gumu na lina matundu, halichongeki kwa usafi, kwa hiyo walijenga ukuta mnene wa mawe yasiyo na umbo, nusu mita na zaidi, ukishikwa na chokaa. Uchongaji mzuri wa zidaka na mapambo ya milango walifanyia matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa bado mabichi. Na msisahau chokaa: fungu moja kwa matatu ya mchanga, isiyo na simenti. Kuta za Mji Mkongwe zinazopigwa lipu ya simenti zinaoza kwa ndani, kwa sababu simenti inafungia unyevu na chumvi ambavyo chokaa ingevipumua nje.

#8 Hesabu Kali

Nilisubiri mmalize mawe. Takwimu ni hizi.

Marekani majina yanahesabiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, na mafaili yako wazi, faili moja kwa kila mwaka wa kuzaliwa tangu 1880. Kila mstari una vitu vitatu: jina, jinsia, idadi. Unafungua kwenye programu ya majedwali, unachuja M (wavulana), unapanga kwa idadi. Mason ilikaa mbali chini kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ikaanza kupanda miaka ya 1980, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imeingia majina 100 ya kwanza. Mwaka 2009 ilikuwa nafasi ya 34, 2010 ya 12, 2011 ya 2, nyuma ya Jacob tu. 2012 ilibaki ya 2. 2014 na 2015 ilikuwa ya 3, 2016 ya 4, 2019 ya 9, na 2020 ikatoka kumi bora.

Sasa mitego, maana watu wanasoma nafasi bila kusoma idadi.

Nafasi ya 2 ya leo si nafasi ya 2 ya zamani. Mwaka 1880 John, aliyekuwa wa kwanza, alikuwa zaidi ya wavulana 8 kati ya kila 100. Mason ya 2011, na ukubwa wake wote, ilikuwa mvulana mmoja hivi kati ya 100. Wazazi wametawanyika kwenye majina mengi, kwa hiyo jina linaweza kuruka nafasi ishirini kwa familia chache kiasi.

Mtego wa pili ni tahajia. Mason, Mayson na Maison yanahesabiwa kama majina matatu. Kwa Mason hasara ni ndogo, lakini ukimlinganisha na Aiden au Jayden, ambao wana tahajia nyingi zenye watu wengi, utamdhulumu Aiden. Jumlisha kwa sauti kwanza, ndipo ulinganishe.

Wa tatu: jina lenye watoto chini ya 5 kwa mwaka halimo kwenye faili, kwa kulinda faragha. Kwa hiyo jumla ya faili ni ndogo kuliko jumla ya waliozaliwa, na asilimia yako itazidi kidogo ile rasmi ukigawa kwa jumla ya faili. Wa nne: kadi za hifadhi ya jamii zilianza kutolewa mwishoni mwa 1936. Aliyezaliwa 1890 yumo tu kama aliishi mpaka akaomba kadi. Miaka ya kabla ya 1937 itumieni kuona mwelekeo, si idadi kamili.

Uingereza na Wales takwimu zao ziko kwenye ofisi yao ya taifa ya takwimu, kila mwaka tangu 1996, na kiwango chao cha kuficha ni chini ya watoto 3. Huko Mason ilikuwa ndani ya majina 50 ya wavulana miaka ya mwanzo ya 2010.

#9 Baba Mtarajiwa

Kwa hiyo ni Kardashian au siyo? Maana mruko wa 34 hadi 2 unafanana na habari za yule mtoto.

#10 Hesabu Kali

Alisukuma, hakuanzisha. Mason, mtoto wa Kourtney Kardashian, nyota wa runinga wa Marekani, alizaliwa Desemba 2009, na mruko mkubwa ni 2010 na 2011, kwa hiyo siku zinakubaliana. Lakini jina lililokuwa tayari la 34 lilikuwa linapanda kwa miguu yake. Mason Mount, ambaye wapenzi wa Chelsea na Manchester United wanamjua vizuri, alizaliwa Portsmouth Januari 1999. Mason Greenwood alizaliwa 2001. Wazazi wa Kiingereza walishalipenda miaka kumi hivi kabla ya mtoto huyo kuzaliwa.

Chanzo kikubwa ni sauti. Jason lilikuwa katika kumi bora Marekani miaka ya 1970. Watoto wa miaka hiyo ndio wazazi wa 2010: sikio limezoea sauti, lakini jina la Jason linawakumbusha wanafunzi wenzao, si mtoto mchanga. Mason linatoa sauti ileile kwa uso mpya. Ongeza wimbi la majina ya wavulana yanayoishia na N: Ethan, Logan, Aiden, Jayden, Jackson. Na ongeza kundi la majina ya kazi: Tyler alikuwa kumi bora miaka ya 1990, akafuatiwa na Hunter, Carter, Cooper. Mason liko kwenye mikondo yote mitatu kwa pamoja. Mtu maarufu akimpa mwanawe jina lisilo kwenye mkondo wowote, huwa halisogei.

#11 Kitukuu

Na Smith? Ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Uingereza na Marekani, mbona si jina la mtoto?

#12 Shajara

Wingi wake ndio uliomnyima. Jina la ukoo linapopewa mtoto linatakiwa litambulishe familia fulani. Smith halimtambulishi yeyote. Pia ni silabi moja nzito yenye *th* mwishoni, haipokei kifupi cha kumbembelezea mtoto. Taylor nalo lilikuwa na wingi, likafaulu kwa sababu ya sauti, kisha likahamia zaidi kwa wasichana.

#13 Binti Ugweno

Msije mkadhani majina ya kazi ni ya Wazungu. Upare tuna Washana, ukoo wa wahunzi, na ndiko linakotoka jina la Mshana mnalolikuta ofisini na bungeni. Historia ya Ugweno inawataja Washana kama watawala mpaka Wasuya walipowapindua, na nguvu yao ilikaa kwenye chuma: jembe, mkuki na mundu vilipita kwao. Tofauti na Mason ni njia ya kurithi. Mshana hakuandikwa na karani wa kodi, ni ukoo uliolinda ufundi wenyewe, kijana akifundishwa na baba na wajomba. Na haujawa jina la kwanza, kwa sababu kwetu jina la kwanza linamfuata babu au bibi.

#14 Msomaji wa Pwani

Naunga mkono, dada. Pwani tuna Haddad, masharifu wa ukoo uliotoka Hadhramaut. Haddad ni mhunzi. Kiarabu kina pia Najjar, seremala, na Banna, mjenzi, ambaye ndiye Mason wa Waarabu kabisa. Kwa Wahindi wa Afrika Mashariki kuna Mistry, fundi wa ujenzi au mbao. Yote haya yamebaki mwisho wa jina. Kuyaleta mwanzo ni desturi ya Waingereza na watoto wao.

#15 Baba Mtarajiwa

Nimeelewa, na mzee nitamsomea #5 yote. La mwisho: kwenye cheti niandike Mason au Meisoni kama linavyotamkwa?

#16 Shajara

Andika Mason. Tahajia utakayoipeleka RITA kwenye cheti cha kuzaliwa ndiyo itakayodaiwa shuleni, kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye pasipoti, na herufi moja ikitofautiana unaanza safari ya viapo. Tahadhari tatu kabla hujasaini. Hakiki tangazo la uzazi la hospitali, maana kosa huzaliwa pale: muuguzi anasikia "Meison" anaandika Mayson au Meson, na cheti kinanakili. Mwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa badala ya kumtajia kwa mdomo. Pili, jina la kati liwe lenye silabi tatu au zaidi kama la ukoo wenu ni fupi. Mason Rajabu Ally linatamkika, Mason Hassan linagongana mwisho na mwisho. Tatu, mkubaliane mapema nyumbani litamkweje. Bibi atasema Masoni, na si kosa. Mtoto ataitika yote mawili, mradi karatasi ni moja.

#17 Hesabu Kali

Nyongeza kwa wanaotaka kufanya hesabu zao: mkichuja M, rudini mchuje na F. Mason wasichana wamo kwenye mafaili ya Marekani, wachache lakini kila mwaka. Msipowatenga mtawaongeza kwa wavulana bila kujua, hasa mkitumia majedwali yaliyounganishwa miaka yote pamoja.